Benno Katika Chombo cha Angani

Benno alizikwa bila kengele na bila ibada, kwa sababu Mzee Ebeneza alisema alikufa akiwa amelewa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mengine yalifuata baadaye.

Alikufa mwezi wa nane, kabla ya chai ya asubuhi, kwenye kiwanda cha mbao cha Mzee Ebeneza, nje kidogo ya Makambako ukishika barabara ya Njombe. Msumeno ulirusha kipande cha gogo kikampiga kifuani, na wenzake walipomfikia alikuwa amekwisha. Mzee Ebeneza, ambaye pamoja na kupasua mbao alikuwa pia mzee wa kanisa, aliliambia baraza la wazee kwamba marehemu alikuja kazini akinuka ulanzi, pombe ya mianzi. Katika usharika ule, mtu aliyefia kwenye ulevi hapigiwi kengele, hasomewi ibada, wala haimbiwi na kwaya. Ndugu zake wanamfukia, wanakung'uta udongo miguuni, basi.

Esnath, mke wa marehemu na mwimbaji wa kwaya, alikwenda mbele ya baraza akauliza swali moja.

"Ulanzi wa mwezi wa nane kaugemea wapi? Mianzi imekauka tangu mvua zilipokatika."

Wazee wakatazama meza. Katika nyanda zile hata mtoto anajua kwamba mwanzi hutoa ulanzi wakati wa mvua, na mwezi wa nane ni upepo na vumbi tu.

"Basi itakuwa komoni," alisema Mzee Ebeneza, maana pombe hiyo ya nafaka hupikwa mwaka mzima, na kikao kikafungwa kwa sala.

Esnath alikuwa na kaka, Filemoni, mwenye kibanda cha video karibu na stesheni ya reli. Kibanda kilijengwa kwa mabanzi, yale mabaki ya ubavu wa gogo yenye magome yake, na mabanzi hayo yalitoka kiwandani kwa Mzee Ebeneza. Kiwanja nacho kilikuwa cha Mzee Ebeneza. Upepo wa Makambako ulipita kwenye nyufa unavyotaka, kwa hiyo watazamaji walikuja na makoti, na katikati ya mabenchi palikaa jiko la mkaa.

Filemoni aliishia darasa la sita. Kiingereza hakukijua, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za Kiingereza.

Alifanya hivi: aliizima sauti ya filamu kwenye spika, akabaki nayo sikioni kwa hedifoni ili ajue nani anaanza kusema na nani anamaliza, kisha akashika kipaza sauti akawasemea watu wote waliomo, wanaume, wanawake, watoto na maroboti. Hakuona kama anadanganya mtu. Mtu akikunja uso, amekasirika. Akitupa funguo mezani, amechoka na mke wake. Maneno yanajileta yenyewe. Kwa filamu za ngumi aliyachukua stendi, kwa makondakta na wapiga debe. Kwa filamu za mapenzi aliyachukua kwenye redio. Lakini filamu za vyombo vya angani zilimpa kazi. Humo watu husimama mbele ya nyota, wakanyamaza, wakasema polepole, na Filemoni alijua maneno mazito ya namna moja tu, yale aliyoyapata kwenye mafundisho ya kipaimara na mahubiri ya Jumapili. Kwa hiyo nahodha wa chombo alisema kama mchungaji siku ya Matawi.

Mwalimu Justine, mwanamume mrefu aliyefundisha sekondari na aliyekijua Kiingereza, aliwahi kumfuata baada ya filamu.

"Kaka Filemoni, pale nahodha hakuzungumzia wokovu. Alisema mafuta yanakwisha."

"Wewe ukiishiwa mafuta katikati ya giza lile, mwalimu, hutamfikiria Mungu?"

"Nitamfikiria," alisema.

"Basi nimetafsiri."

Benno alionekana mara ya kwanza jioni moja ya mwezi wa tisa. Filamu ilihusu watu waliokimbia dunia iliyokauka, wako safarini kwenda kwenye nyota nyingine. Nahodha alikuwa anatazama ramani. Nyuma yake alipita mtu mwenye suti nyeupe anasukuma toroli, akasimama, akafuta jasho kwa mkono wa suti kama alivyozoea.

"Si Benno yule?" aliuliza mtu wa benchi la pili.

"Ndiye."

"Kumbe kapata kazi."

"Afadhali. Na suti wamempa. Huku alikuwa anapasua mbao na kandambili."

"Ila huko baridi. Mwalimu alisema huko juu baridi inashinda ya Makambako."

"Inashinda ya Makambako? Huyo mwalimu naye."

Wakaendelea kutazama. Benno aliliacha toroli, akasogea mbele mpaka uso wake ukajaa kwenye runinga, akaanza kusema. Watu waliona mdomo unakwenda. Sauti ilikuwa sikioni mwa Filemoni peke yake.

"Shemeji," alisema Benno, "waambie sikuwa nimekunywa. Lile bati linalofunika msumeno lilifunguliwa. Mzee alilifungua mwenyewe ili magogo manene yapite. Tulimwambia alirudishe, akasema tutalirudisha tukimaliza oda. Ni bolti nne tu. Waambie, na Esnath umwambie."

Filemoni aliyasikia maneno yote. Aliyatazama mabanzi ya ukuta. Akafikiria kiwanja. Watu walikuwa wanamngojea, kwa sababu mdomo wa Benno ulikuwa umekwenda muda mrefu na wao hawajaambiwa kitu. Akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Enyi wana wa dunia," alisema, "safari ni ndefu, na taa zenu hazina mafuta. Jiwekeni tayari."

Mama mmoja alilia. Benno, kwenye runinga, aliinamisha kichwa, akarudi kwenye toroli lake.

Asubuhi Filemoni alipofagia alikuta maranda chini ya runinga, maranda mabichi ya msindano, yananukia utomvu. Yalikuwa yamemwagika kutoka kwenye kioo, kwenye kona ya chini. Akayazoa kwenye kiroba, akampelekea Esnath, kwa sababu Esnath alipikia jiko la maranda na siku hizo hakuwa na mtu wa kumletea.

"Umeyatoa wapi?" aliuliza Esnath.

"Kibandani."

Esnath alichota kidogo, akanusa kiganja.

Kuanzia hapo Benno alikuwemo katika kila filamu ya angani. Filemoni alijaribu kumkwepa. Aliweka filamu za ngumi, Benno hakuwemo. Aliweka za mapenzi na za kuchekesha, hakuwemo. Lakini watazamaji walidai za angani, na chombo kikishaondoka ardhini tu, Benno huyo, mara anafunga bomba, mara anabeba masanduku, na kila mara anafika mbele na kusema maneno yale yale. Kila mara Filemoni alimfunika kwa mengine. Siku moja alimfanya aseme habari ya toba. Siku nyingine habari ya kondoo waliopotea kwenye ukungu. Mwenye kibanda mmoja wa Njombe mjini alizinunua filamu zile zile, akazionyesha mwezi mzima, na Benno hakutokea.

"Labda hajui njia ya Njombe," alisema mtazamaji mmoja.

"Anaijua sana, alikuwa anapeleka mbao."

"Basi hana ndugu huko."

Habari zikamfikia Mwinjilisti Hosea, kijana mwenye koti kubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuja akakaa benchi la mbele filamu mbili mfululizo, akahesabu kwa vidole. Alipotoka nje alikuwa ameshika jibu.

"Filamu hizi zina ujumbe wa dini umefichwa ndani," aliwaambia watu waliokuwa wanaota jua. "Hesabuni wenyewe. Chomboni wako kumi na wawili. Mmoja anawasaliti wenzake. Yule mwingine anatoka nje peke yake, anakufa, anarudi ana mwanga. Na juu ya yote anatokea marehemu wa hapahapa anahubiri. Mnataka waandike kwenye paji la uso?"

Mwalimu Justine alikuwepo. "Mwinjilisti, kumi na wawili ni kwa sababu chombo kina viti kumi na viwili."

"Na viti kumi na viwili ni kwa sababu gani?"

"Kwa sababu... mtunzi aliamua."

"Na mtunzi aliamuliwa na nani?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini hakuacha. Alisema wale waliotunga filamu huenda hata kanisani hawaendi, wanataka hadithi iuzike, na hadithi ya mtu anayekufa kwa ajili ya wenzake inauzika kila nchi. Hosea akasema hapo ndipo penye siri, wanauza wasichokijua. Wengine walisema ujumbe upo ila ni wa Shetani, maana nyota zote zile na hakuna hata siku moja chombo kimemkuta Mungu huko. Walibishana mpaka mkaa wa muuza mahindi ukawa majivu.

Filemoni aliwasikiliza akiwa anafunga mlango. Yeye hilo aliliona hivi. Mtu aliyekulia Lupembe karibu na kiwanda cha chai, hata akihamia Dar es Salaam, koti lake litanuka chai. Kuna fundi mmoja wa Bulongwa aliyejifunza kazi kwa kutengeneza mabenchi ya kanisa. Sasa anatengeneza makochi ya watu, na kila anayekalia kochi lake anajikuta ameunyoosha mgongo kama anangoja baraka. Hao watunga filamu nao lazima walikulia karibu na kitu. Kwa hiyo ujumbe unaweza kuwemo bila mtu kuuficha. Lakini alijua pia kwamba katika kibanda chake ujumbe ulikuwa na mtu wa kuuficha, na alimjua kwa jina.

Mzee Ebeneza alifurahi. Alisema siku zote alijua Benno atatubu, hata kama amechelewa. Alituma vijana wake walete mabenchi mapya, ya mbao nzuri, yaliyorandwa. Watu walianza kuja kutoka Wanging'ombe na Njombe, wengine na vitabu vya nyimbo.

Esnath hakuwa amekanyaga kibandani tangu mazishi. Alikuja alasiri moja, na binti yake Elina mgongoni, akakaa mbele. Benno alipotokea, Esnath hakupiga kelele. Alimgeuza mtoto amwone baba yake.

"Kakonda," alisema.

Benno alimwona. Uso wake ulikaribia kioo, mdomo ukaenda haraka kuliko siku zote. Filemoni akasema kwenye kipaza sauti habari ya wasafiri, jangwa na nguzo ya moto.

Filamu ilipokwisha Esnath alibaki.

"Kaka, yale si maneno yake."

"Filamu za angani ndivyo zilivyo, dada."

"Tangu anioe Benno hajawahi kusema 'enyi wana wa dunia'. Alikuwa anasema 'nyie'. Akikasirika anasema 'nyie watu'. Alisema nini?"

Filemoni alizungusha waya wa kipaza sauti kwenye kiganja, akauzungusha tena.

"Kiwanja ni cha mzee, Esnath. Na mabanzi. Na chumba chako. Akisema nibomoe na wewe uhame, kesho tunalala wapi, sisi na mama yetu?"

"Kiwanja ni cha mzee," alisema Esnath. "Na mume ni wangu. Sijaomba shamba, sijaomba kifuta machozi. Nataka wamtoe kwenye walevi. Nataka asomewe kama mtu. Huyu mtoto akikua aambiwe baba yake alilala wapi?"

"Nitafikiri."

"Fikiri," alisema Esnath. Akachukua kiroba chake cha maranda akaondoka.

Filemoni alifikiri kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo Benno alianza kuchoka. Katika filamu moja hakuja hata mbele. Alikaa kwenye sanduku huku nyuma, wenzake wanapigana na madubwana, yeye ameegemeza kidevu mkononi. Katika nyingine alimtazama tu Filemoni, akasema, "Shemeji, hata wewe?" na Filemoni akatafsiri kwamba mavuno ni mengi. Maranda yalizidi. Yalimwagika mpaka kwenye benchi la kwanza, na watu waliyapiga teke kidogo ili wapate pa kuweka miguu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi baraza la wazee liliamua kuumaliza ubishi. Lingekaa kibandani kwenyewe, litazame filamu, kisha litoe kauli kama filamu za angani zina ujumbe wa dini au hazina, na kama unao, unatoka upande gani. Mchungaji alikuwa safarini Ludewa, akamwachia Hosea aongoze. Walikuja Jumamosi baada ya mnada. Mzee Ebeneza alikaa katikati ya benchi la mbele, kofia magotini. Davis, aliyekuwa akipasua mbao pamoja na Benno, alisimama karibu na mlango, kwa sababu vijana wa kiwandani ndio walioleta mabenchi ya ziada. Esnath alikaa pembeni na Elina. Mwalimu Justine alipewa kiti cha plastiki.

Hosea aliomba. Filemoni akawasha.

Chombo kiliondoka ardhini. Nahodha alitazama ramani. Watu wa baraza walianza kuhesabu, wakafika kumi na wawili, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Benno akatoka nyuma ya mlango wa chuma, hana toroli, mikono mitupu. Alikuja mbele taratibu kama mtu anayekwenda mahali anakojua hatasikilizwa.

Filemoni alichomoa hedifoni. Akapandisha sauti kwenye spika. Kipaza sauti akakiweka juu ya runinga, akarudi nyuma, akakalia ndoo.

"Kamwene," alisema Benno, na kibanda kizima kikasikia.

"Kamwene," waliitika wazee, maana salamu ni salamu.

"Sikuwa nimekunywa," alisema Benno. "Siku ile nilikuwa nimekunywa uji, Mama Elina alinikorogea mwenyewe. Bati la kufunika msumeno lilifunguliwa ili magogo manene yapite. Aliyelifungua ni Mzee Ebeneza. Tulimwambia. Davis pale alikuwepo. Liko nje limeegemezwa kwenye banda la mashine, na bolti nne ziko kwenye kopo la mafuta ya Kimbo. Lirudisheni kabla hajafa mwingine. Na mimi mnisomee. Ni hayo tu."

Jiko lilipasua mkaa mmoja. Maranda yalimwagika kutoka kwenye kioo, machache, yakatulia.

"Benno," alisema Mzee Ebeneza kwa upole, "karibu. Unaonekana una afya."

"Sina afya, mzee. Nimekufa."

"Ndiyo, ndiyo. Poleni na kazi huko." Mzee aliwageukia wenzake. "Ndugu, tusichanganye mambo. Huyu yuko ndani ya filamu. Mtu wa filamu anaigiza. Leo anasema hivi, kesho anasema yeye ni roboti. Maneno ya filamu hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu za baraza."

"Wiki zote hizi mlimwamini," alisema Esnath.

"Alikuwa anahubiri, mama. Mahubiri ni kitu kingine."

"Aliyekuwa anahubiri ni mimi," alisema Filemoni kutoka kwenye ndoo. "Yeye siku zote alikuwa anasema hayo mliyoyasikia sasa."

Wazee walimtazama kwa huruma, kama mtu anayejisifia kazi ya watu.

"Davis," aliita Esnath. "Wewe ulikuwepo. Sema."

Davis alikuwa na mke anayekaribia kujifungua. Alitazama viatu vyake, kisha akamtazama Mzee Ebeneza, kisha viatu tena.

"Mimi nilikuwa nabeba mbao, shemeji. Nilikuwa nimewapa mgongo."

"Mlaaniwe nyie watu!" alisema Benno kwenye runinga.

"Umeona?" Esnath alimwambia kaka yake. "Ndivyo anavyoongea."

Hosea alisimama. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na kesho yake angewasimulia watu kwamba hakuwahi kuguswa vile maishani.

"Ndugu zangu," alisema, "leo ujumbe umekuja waziwazi, tena kwa mfano rahisi. Msumeno ni nini? Msumeno ni dunia, inazunguka, inakata. Gogo nene ni tamaa. Na bati linalotufunika ni Neno. Marehemu anatuambia tumelifungua Neno ili tamaa zetu zipite. Limeegemezwa nje! Nani katika nyumba yake hajaliegemeza nje?"

"Ni bati," alisema Benno. "La chuma. Lina kutu kidogo upande mmoja."

"Na kutu!" alisema Hosea, na mzee mmoja akafuta machozi.

Mwalimu Justine aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Mwinjilisti, samahani. Hapa hakuna ujumbe uliofichwa. Mtu anasema bati lirudishwe. Twendeni tukalirudishe."

"Mwalimu," alisema Mzee Ebeneza, "ulituambia filamu hazina ujumbe. Sasa unatuambia tutii filamu. Shika moja."

Watu walicheka, na mwalimu akakaa. Baadaye alisema alikuwa na jibu, lilimjia akiwa njiani kurudi nyumbani.

Baraza liliamua kabla ya jua kuzama. Lilikubaliana kwamba filamu za vyombo vya angani zina ujumbe wa dini, kwamba unatoka upande mwema, na kwamba filamu ile ionyeshwe kwa watoto wa kipaimara ikiwa na sauti yake yenyewe, bila kutafsiriwa.

"Na ibada?" aliuliza Esnath.

Hosea alimwinamia, akamshika bega. "Mama, leo tumeitana kwa habari ya filamu. Habari ya ibada haikuwa kwenye kikao."

"Kitaitwa lini cha ibada?"

"Ikiletwa na mzee wa mtaa wako."

Mzee wa mtaa wake alikuwa Mzee Ebeneza. Alikuwa anavaa kofia.

Watu walipotoka, Esnath alibaki mbele ya runinga. Filamu ilikuwa bado inakwenda. Wenzake Benno walikuwa wanatua kwenye nyota mpya, ina nyasi, wanakumbatiana.

"Baba Elina," alisema, "umesikia?"

"Nimesikia, Mama Elina."

"Nimejaribu."

"Nimeona." Benno alitazama nyuma, mahali mtu alipokuwa anamwita kwa mkono. "Elina amekua."

"Anasema maneno mawili sasa. Moja ni 'hapana'."

Benno alicheka. Kisha akaokota sanduku lililokuwa miguuni pake, akaliweka begani, akateremka ngazi ya chombo nyuma ya wenzake. Filemoni alizima runinga jina la mwisho lilipopita.

Wiki iliyofuata Mzee Ebeneza alikitoa kiwanja kwa kanisa, pamoja na kibanda kilichokuwa juu yake, watu wakampigia makofi. Watoto wa kipaimara walikaa kwenye mabenchi ya mbao nzuri wakamtazama Benno, wakamsikiliza mpaka mwisho. Walipoulizwa msumeno ni nini walijibu ni dunia. Walipoulizwa bati ni nini walijibu ni Neno. Walipoulizwa bolti nne ni nini walijibu ni Injili nne. Walifaulu wote. Benno aliendelea kutokea, na kila mara alisema yale yale, kwa sababu hakuwa na mengine. Kiwandani waliendelea kupasua magogo manene.

Gharama ya yote hayo ilikuwa hivi. Benno, uhai wake. Esnath, chumba cha Makambako na nafasi yake kwenye kwaya. Alihamia Lupembe na mtoto, akaanza kuchuma chai kwenye shamba la mtu. Filemoni, kibanda na kazi, maana filamu ya wazi haihitaji mtafsiri. Sasa anapanga mizigo kwenye malori. Davis, vidole viwili vya mkono wa kulia, wiki ambayo mke wake alijifungua. Na kijana aliyechukua nafasi yake kwenye mashine, Steven, mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.